Kitundu Chini ya Twiga

Habari ilinifikia asubuhi ya Jumanne nikiwa nimesimama getini kwangu hapa Kitengela, nimeshika chai kwenye kikombe cha bati. Simu ikalia. Alikuwa mke wa fundi, rafiki yangu. Akasema, "Mzee, fundi ametuacha." Nyinyi mnaonisoma mmezoea kwamba mimi sifichi, kwa hivyo nitawaambia jinsi ilivyokuwa. Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kulia, wala kumwita Mungu. Niliinua kichwa nikatazama juu. Juu ya geti langu kunaning'inia kichwa cha nyati, kikubwa kuliko pipa la maji, cha simiti, na marehemu ndiye aliyekitengeneza. Nilikitazama, nikarudi nyuma hatua tatu, chai ikanimwagikia mguuni, ndipo nikakumbuka kumwambia mama wa watu pole.

Sasa mtauliza ni mtu gani huyu anaambiwa rafiki amekufa na anaogopa kichwa cha simiti. Ni mimi. Na hofu hiyo ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilitoka kinywani mwangu, na ndiyo imenifanya nishike kalamu wiki hii badala ya kuwaandikia mambo ya bei ya vitunguu vya Kimana kama nilivyokuwa nimekusudia.

Jina lake sitaandika. Walio huku watamjua kwa kazi zake. Kama umepita barabara ya kwenda Namanga umeona lile jino kubwa lenye miguu, limesimama nje kwa daktari wa meno, linacheka. Umeona ule mkono uliobeba yai pale wanapouza vifaranga, mishipa yote inaonekana, hata kovu kwenye kidole gumba. Yule alikuwa mtu wa kutengeneza mabango yasiyolala. Nasema yasiyolala kwa sababu bango la kawaida ni bati na rangi, limelala kama karatasi. Lake lilikuwa na tumbo na mgongo. Herufi zake ungeweza kuzishika kama unavyoshika sikio la mbuzi.

Kazi yenyewe nilikuwa nikiitazama kutoka kwenye kigoda pale kibandani kwake, kwa maana mtu aliyefika darasa la nne na kuzeeka ana muda mwingi. Alikuwa anachukua ile takataka nyeupe nyepesi wanayofungia televisheni mpya, anaigandisha vipande kwa vipande mpaka inakuwa kama godoro lililosimama, halafu anaichonga kwa kisu alichokipasha moto. Mnyama anatoka humo mweupe kama mzuka. Kisha anapitisha vyuma ndani, vya kubeba uzito, anamvisha mnyama waya wa kuku, anampaka simiti kwa mwiko, tabaka tatu, na ile ya mwisho anaichora kwa ncha ya msumari kabla haijakauka, unyoya kwa unyoya. Jicho aliliacha mwisho. Alikuwa anasema mnyama akipata macho mapema anaanza kukusumbua.

Nikae hapo kidogo niwaambie habari ya fahali, mkiniruhusu, maana bila fahali hamtamwelewa. Mwenye buchari mmoja alitaka fahali mzima wa kuweka juu ya duka. Fundi akafanya kazi wiki tatu, akamaliza, akamsimamisha nje akauke. Akapita mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa ametoka Ewuaso Kedong kuona watoto wake. Akasimama. Akazunguka yule fahali mara mbili, fimbo mgongoni.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Wa buchari," fundi akasema.

"Anaumwa."

Sisi tukacheka. Fundi hakucheka. "Anaumwa wapi, mzee?"

"Mguu huu wa mbele. Amesimama kama aliyekanyaga mwiba. Mwenye ng'ombe akipita hapa hatakula nyama yako, atakuuliza kwa nini hujamwita daktari." Akaenda zake.

Fundi akachuchumaa mbele ya ule mguu kama nusu saa. Kesho yake nilimkuta ameuvunja kwa nyundo, mguu mzima, kazi ya siku sita, na mwenye buchari amesimama pale anashika kichwa. "Nilimwambia hakuna mtu ataona," mwenye buchari akaniambia. Fundi akajibu bila kugeuka: "Tayari mmoja ameona. Na sasa mimi pia naona." Basi akaujenga upya. Mwezi uliofuata yule mzee akapita tena, akamtazama fahali, akasema tu, "Huyu sasa anakula," na fundi akafurahi kuliko siku aliyoona mtoto wake wa kwanza. Mke wake ndiye aliyeniambia hivyo, na hakuwa anafanya mzaha.

Huyo ndiye mtu niliyemlazimisha afanye kazi mbaya.

Chini ya kila alichotengeneza, mahali pa chini kabisa, fundi aliacha kitundu cha kutosha kidole gumba. Simiti ikishashika alikuwa anamimina petroli kidogo humo, ile nyeupe ya ndani inayeyuka na kudondoka kama ugali mwepesi, mnyama anabaki mtupu na mwepesi. Nilidhani kitundu ni cha hiyo petroli tu. Siku moja nikamuuliza kwa nini hakizibi kazi ikiisha. Akaniambia alizaliwa Magadi. Baba yake alitoka magharibi kuja kufanya kazi kule, wakakaa nyumba za kampuni, na kule, akasema, chuma kinaliwa kama mkate. Unaegemea uzio leo, kesho umebaki na unga mwekundu mkononi. "Mimi nilikua nikiogopa chuma, mzee," akasema. "Watu wanadhani chuma kina nguvu. Mimi nimekiona kikifa. Simiti itapasuka tu, jua la Kitengela na baridi yake havitaiacha. Maji yataingia. Siwezi kuyazuia yasiingie. Naweza tu kuyaachia pa kutokea."

Maneno hayo niliyasikia vizuri kabisa, na masikio yangu hayana shida.

Nyati wangu alipopandishwa getini, siku ya nne mama watoto akaona kitu kimening'inia kutoka kwenye kitundu, chembamba, kinacheza. Akapiga yowe. Mimi nikasema ni nyoka. Huku kwetu tunapakana na mbuga, nyoka si hadithi. Fundi akaja na ngazi, akapanda, akatoa mjusi. Mjusi mdogo, mkia wake ndio tulikuwa tumeuona. Akamweka kiganjani akatuonyesha. Lakini hofu ikishaingia kwa nyumba haisikii habari ya mjusi. Nikamwambia ziba. Akakataa. Nikamwambia mimi ni mzee kwako, ziba. Akanitazama, akasema sawa mzee, kesho. Kesho yake akapanda wakati sipo, nikarudi nikakuta pamezibwa na kupakwa rangi nyeusi, safi.

Ningekomea hapo ingekuwa afadhali. Lakini mimi ni mtu wa kuandika, na nilikuwa sina la kuandika wiki ile. Nikaandika hapa hapa kwenye ukurasa huu, nikichekesha watu, kwamba wanyama wa fundi wetu wamepangisha nyoka bila kodi. Labda wewe unayesoma ulicheka. Wengi walicheka, halafu wakaenda kwake mmoja mmoja wakamwambia aje azibe.

Na kulikuwa na nasari ya kanisa letu, ambayo mimi nilikuwa kwenye kamati yake. Pale fundi alitengeneza twiga. Miguu iko kando ya geti, shingo inapanda, inapinda juu ya geti zima, kichwa kinashuka upande wa pili, na mdomoni ameuma ubao wenye jina la shule. Watoto wanaingia na kutoka chini ya shingo hiyo. Kitundu kilikuwa chini ya kidevu. Kwenye kikao nilisimama nikasema watoto wataumwa na nyoka. Nani atabishana na hilo? Fundi akaitwa. Akasema, "Wazee, nikifunga hapa, maji yote ya shingo yatakaa kichwani, na kichwa kimeshikwa na vyuma vinne. Siku moja mtaniita na mimi sitaitika." Nikamwambia ziba. Na kwa kuwa nilimjua ni mkaidi, nilienda mwenyewe, nikasimama chini ya ngazi nikimtazama akijaza simiti, mpaka ikashika. Alipomaliza akakunja ngazi, akaenda zake.

Tangu hapo miaka minne. Siku hizi ukipita barabarani mabango ni ya mashine, plastiki yenye taa ndani, herufi mia zimekatwa kabla chai yako haijapoa, na zote zina sura moja. Sizilaumu. Likianguka moja litakuvunja pua tu. Nilipokuja Kitengela hakukuwa na mageti, kulikuwa na ng'ombe na miba. Tukanunua ploti, tukaanza kuogopana, tukajenga mageti, na juu ya mageti tukaweka simba na nyati ili mwingine aogope kuliko sisi. Fundi alikula kutokana na hofu yetu, na mwisho wake hofu hiyo hiyo ikamfuata mpaka kitandani.

Alipolazwa Kajiado, kifua kimejaa vumbi la miaka, nilienda kumwona. Alikuwa mwembamba, sauti imekwisha. Nilimpelekea machungwa, akayaweka kando.

"Mzee, ile ya watoto."

"Ile gani?" nikasema, na nilijua.

"Twiga. Nimeenda na ngazi mara mbili, mlinzi anasema lete barua ya kamati. Waambie wafungue. Kitundu tu. Si kazi ya saa moja."

"Na zile zingine?"

"Zingine usiwe na wasiwasi. Wale niliwazibia kwa namna yangu, Mungu atanisamehe. Ile ya watoto sikuweza. Ulikuwa umesimama hapo."

Nikamwambia nitawaambia. Sikumuuliza namna yake ni ipi, wala habari ya nyati wangu. Niliona haya. Nikatoka, na wiki tatu zikapita bila kuwaambia. Kila Jumapili nilikwenda kanisani na maneno tayari mdomoni, nikimwona mwenyekiti nayameza, kwa sababu kusema fungueni ni kusema ni mimi niliyewafanya wafunge, na niliichekesha nchi nzima kwa hilo. Mvua ikaanza. Nikawa napita njia ya mbali ili nisione ile shule. Mchana mvua ikipiga mabati nilikuwa nahesabu saa: sasa wako darasani, sasa wanatoka. Mama watoto akaniuliza mbona huli chakula chako. Nikamwambia ni meno.

Basi Jumanne ile, simu ilipokwisha na nimesimama mbali na nyati wangu, nikakumbuka yale maneno yake. Siku moja mtaniita na mimi sitaitika. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Nasari wanatoka saa sita na nusu. Nikachukua pikipiki.

Mlinzi wa pale ni kijana wa Kimaasai. "Sopa, mzee," akanisalimu.

"Epa. Funga hili geti. Mtu asipite."

"Umeleta karatasi? Yule fundi wa ngazi nilimwambia karatasi."

"Amekufa leo."

Akavua kofia. Akatazama juu, akanitazama. "Sasa nani ataleta karatasi?"

"Mimi ndio karatasi. Funga."

Mwalimu mkuu akatoka na chaki mkononi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa haraka, kama mtoto aliyevunja sahani. Akasema, "Lakini mzee, hii twiga imesimama miaka minne." Nikamwambia ndiyo sababu. Akampigia mwenyekiti, akanipa simu.

"Mzee, tulia. Jumapili tutakaa kama kamati."

"Jumapili ni mbali."

"Si wewe mwenyewe ulisema pazibwe? Iko kwa minitsi za kikao."

"Ni mimi. Andika kwa hizo minitsi kwamba nimekaa chini getini na watoto watapita nyuma, jikoni."

Nikakaa kweli, upande, si chini ya shingo, niseme ukweli. Ng'ambo ya barabara kuna kijana wa kuchomelea vyuma, mlinzi akamwita, akaja na drili na waya mrefu wa stima. Akaegemeza ngazi kando, akanyoosha mkono, akaanza kutoboa kidevu. Unga ukamwagika, halafu drili ikabadilisha sauti, na maji yakatoka. Sikuwa nimewahi kuona maji ya namna ile. Mekundu, mazito, kama chai iliyosahauliwa jikoni, na harufu ya msumari mdomoni. Yalitoka na kutoka. Watoto walikuwa wamepangwa mstari uani, na kasichana kamoja kakasema kwa sauti, "Mwalimu, twiga anakojoa," na hakuna mtu mzima aliyecheka.

Yule kijana akasema tusiguse, akaenda kuleta wenzake na kamba. Wakafunga kamba kichwani na shingoni, wakaikaza kwenye mti na kwenye nguzo, wakakata ubao wa jina kwanza. Kisha akagonga nyuma ya kichwa kwa nyundo, mara moja, polepole, kama unavyogonga mlango wa mgonjwa. Kichwa kikaachia. Kikabaki kwenye kamba kinazunguka. Vyuma vitatu vilikuwa vimekwisha, unga mwekundu umejaa mahali vilipokuwa. Cha nne kilikuwa chembamba kuliko penseli.

"Mzee," kijana akasema kutoka juu, "hii ilikuwa imeshikwa na rangi."

Mwalimu mkuu akakaa kwenye jiwe. Akasema, si kwangu, si kwa mtu, "Ijumaa tulipiga picha ya shule hapa chini. Wote." Kisha akafunika mdomo kwa mkono wenye chaki. Nilidhani hofu ingeniacha hapo. Ilikuja yote kwa pamoja wakati huo.

Jioni tulikutana nyumbani kwa fundi kwa maombi, kabla ya kumsafirisha kwao magharibi. Walipouliza nani atasema neno la rafiki nikasimama. Sikusema alikuwa mtu mwema. Nilisema habari ya kitundu, na ya kikao, na ya kusimama chini ya ngazi, na ya wiki tatu. Nilipokaa, mke wake akanisogelea.

"Alikuwa ananiuliza kila siku, mzee amesema? Namwambia bado. Ananiambia, atasema. Sasa hivi anaogopa watu, lakini siku moja ataogopa kitu kikubwa zaidi."

"Amekufa kabla."

"Ndiyo," akasema. "Amekufa akiuliza." Hakunipunguzia hata kidogo, na nilimheshimu kwa hilo.

Kulibaki nyati. Siku mbili tuliingia kwetu kupitia ua wa jirani, mimi na mama watoto, kama wezi. Siku ya tatu kijana wa drili akaja. Akaweka drili, akabonyeza pale peusi kwa kidole, akaniangalia. "Mzee, hii si simiti." Akachomoa kwa kisu. Kilikuwa kipande cha godoro, kimekatwa sawasawa na kitundu na kupakwa rangi kwa nje tu. Maji yanapenya polepole, mjusi hapenyi, na mzee anaridhika. Akaingiza kidole ndani mpaka mwisho, akakitoa kikavu. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake. Alikuwa amenidanganya miaka yote hiyo, nyuma ya mgongo wangu, ili geti langu lisiniue.

Nimekiweka hicho kipande cha godoro hapa mezani ninapoandika. Ninachojifunza si kikubwa, na ninyi mliosoma mtakisema vizuri zaidi. Fundi akikuambia hapa nataka paachwe wazi, pengine ameshaona chuma kikifa na wewe hujaona. Na ukishajua jambo linaloning'inia juu ya mtu mwingine, liseme siku hiyo hiyo, hata kama litakuaibisha, kwa sababu aibu huwa inakungoja na mvua haikungoji. Mimi simu ilipolia nilitazama juu ya kichwa changu kwanza. Juu yangu palikuwa salama. Mahali pekee aliposhindwa kuwalinda watu ni pale nilipomsimamia.